Matatu ya mvuke yafika Takaungu

Leo naanza kwa kukiri kosa. Huenda ukacheka, huenda ukanihukumu, lakini najua wengi wenu mmewahi kulitenda, na baadhi yenu mnapanga kulitenda wiki hii hii.

Muhula uliopita binti yangu, aliye Gredi ya 8, alikuja nyumbani na kazi ya mradi. Alitakiwa aunde kwa mikono yake mfano wa chombo cha usafiri, kiwe na taa zinazowaka. Alipewa majuma mawili. Siku kumi na mbili zikapita bila hata kipande cha kadibodi kukatwa. Mimi nilikuwa na kazi, mama yake alikuwa na kazi, naye alikuwa na simu yangu. Siku ya kumi na tatu nikafanya wanavyofanya wazazi wengi wa mjini tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutuletea kazi za watoto nyumbani. Nilimtafuta fundi mtaani, nikamlipa, akaniundia basi zuri la mbao lenye taa mbele na nyuma. Mtoto akalibeba shuleni kama bibi harusi.

Mwalimu alilitazama, akalisifu, kisha akamuuliza swali moja tu: "Kwa nini taa hii inawaka?"

Binti yangu hakuwa na jibu. Wenzake wakaangua kicheko. Jioni aliliweka basi lile juu ya kabati, akaliegemeza ukutani kama mtu aliyeadhibiwa. Hakunisemesha siku tatu. Na mimi, msomaji, sikuwa na la kumwambia, kwani aibu ile ilikuwa yangu nikambebesha yeye.

Likizo ya Agosti ilipofika nilichukua siku zangu za mapumziko nikampeleka Takaungu kwa babu yake. Kwa wasioujua, Takaungu ni mji mkongwe kando ya mkono wa bahari, kusini kidogo mwa Kilifi. Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Malindi, unakata kulia kuelekea baharini. Mwaka 1837, Wamazrui waliposhindwa na Seyyid Said na kuupoteza mji wa Mombasa, baadhi yao walihamia Gazi na wengine wakaja hapa. Makaburi yao yapo hadi leo.

Babu yake, ambaye ndiye baba yangu mzazi, amepita miaka 80. Ujana wake aliumalizia katika reli, akiwa mchochea moto kwenye magari ya moshi kati ya Mombasa na Nairobi, mpaka injini za dizeli zilipoyasukuma kando. Usiku wa kwanza, baada ya shikamoo na marahaba na wali wa nazi kwa samaki, mtoto alimuuliza kama gari la moshi liliwahi kufika Takaungu.

Mzee alicheka. "Halijafika, bibie. Miaka yote niliyolilisha moto, halikunileta kwetu hata siku moja. Nikipata likizo nashuka Mombasa, nabeba kifurushi changu, nasaka basi kama mtu mwingine yeyote."

Ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Mwaka 1895 ugomvi wa kurithi uwali wa Takaungu ulizaa vita na Waingereza vilivyoendelea hadi 1896. Mwaka huo huo wa 1896, reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa. Ikaelekea bara, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Pwani ya kaskazini haikuitazama.

Binti yangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi tulilete sisi, babu."

"Na reli utaitoa wapi?"

"Halihitaji reli. Litakuwa matatu. Matatu ya mvuke."

Hapo mzee aliweka kikombe chini.

Msomaji, usidhani wazo hili ni la kitoto. Ng'ambo wako watu wazima wanaotumia jioni zao zote kuunda vigari vya namna hii, vyenye dohani, magurudumu ya meno, mabomba ya shaba na taa zinazong'aa. Mtindo wenyewe huitwa stimpanki, jina lililobuniwa mwaka 1987 na mwandishi Mmarekani K. W. Jeter. Msingi wake ni swali moja: je, dunia ingekuwaje kama mvuke ungeendelea kutawala, petroli isishike hatamu? Wapenzi wa mtindo huu humhesabu Mfaransa Jules Verne kama babu yao. Mwaka 1880 Verne alichapisha hadithi ya tembo wa chuma anayekwenda kwa mvuke akivuta nyumba. Na riwaya yake ya mwaka 1863, ya safari ya majuma matano kwa puto, huanzia wapi? Zanzibar!

Wala mambo hayo hayakuishia vitabuni. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na reli yake mwenyewe kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kuwa la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme. Katika siku zetu, Dennis Muraguri amejipatia jina kwa kazi za sanaa zinazohusu matatu, naye Cyrus Kabiru wa Nairobi huunda miwani na redio za ajabu kwa vyuma na takataka anazookota. Mtoto wa pwani anayekata gurudumu kutoka kwenye kandambili kuukuu yumo katika ukoo huo huo, ila hakuna aliyemwambia.

Sasa nikupe namna tulivyofanya, ili nawe ujaribu na wanao.

Kwanza ni vipimo. Tulikubaliana kwamba kila sentimita 1 ya kigari itasimama badala ya sentimita 20 za kweli. Mtu wa mita 1.7 anakuwa wa sentimita 8.5. Mlango wa mita 1.9 unakuwa wa sentimita 9.5. Chora mtu huyo kwenye kadibodi, umkate, umweke kando ya kazi yako kila wakati. Akionekana hawezi kupita mlangoni, umekosea. Ili binti yangu aone maana ya kipimo, babu alimpa hesabu ya injini za Garratt za daraja la 59 alizozihudumia. Zilikuwa 34, zikaundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester na kuletwa mwaka 1955 na 1956, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wa moja ulipita tani 250 na urefu ulikuwa karibu mita 32. Kwa kipimo chetu ingekuwa na urefu wa mita 1.6. "Ndefu kuniliko mimi!" akasema mtoto. Ukitaka kuiona kwa macho, Mount Gelai, namba 5918, ingali imesimama katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi.

Pili ni vifaa. Sisi tulitumia mkebe wa maziwa ya unga wenye upana wa sentimita 10 kuwa tangi la mvuke, kadibodi ngumu ya boksi kwa bodi ya matatu, vijiti vya mishikaki kwa mihimili ya magurudumu, kandambili mbili zilizookotwa ufuoni kwa magurudumu yenyewe, na mirija ya kalamu zilizokwisha wino kwa mabomba. Dohani ni karatasi ngumu iliyoviringwa. Magurudumu ya nyuma tuliyakata sentimita 7, ya mbele sentimita 5. Jihadhari na makali ya mkebe: mtu mzima akunje ukingo kwa koleo kabla mtoto hajaugusa.

Tatu ni sura. Tangi la kweli lina vichwa vya misumari vilivyopangwa kwa mistari. Tulivipata kwa matone madogo ya gundi nyeupe, yaliyodondoshwa kwa ncha ya kijiti na kuachwa usiku kucha yakauke. Kisha kigari chote kikapakwa rangi nyeusi. Ilipokauka, tulichovya brashi katika rangi ya shaba, tukaifuta kwenye gazeti kuukuu mpaka ikakaribia kukauka, ndipo tukaipitisha juu juu. Shaba hushika palipoinuka tu, na mkebe wa maziwa hugeuka chuma cha zamani mbele ya macho yako. Kutu tuliipata jikoni: mdalasini wa unga ulionyunyizwa juu ya gundi mbichi. Nyanya yake alilalamikia mdalasini wake, lakini alipokiona kigari akanyamaza.

Wakati huo wote babu alikuwa mkaguzi. Mtoto alipotaka kuweka rundo la makaa nyuma ya tangi, mzee alikataa. "Sisi hatukushika sepetu. Injini zile zilikula mafuta mazito. Kazi yangu ilikuwa kuyapima yanavyoingia, na kutazama moshi. Moshi mweusi, mafuta unayatupa. Hakuna moshi kabisa, hewa imezidi." Alimpeleka jikoni, akamwonyesha mfuniko wa sufuria unavyorukaruka. Lita 1 ya maji ikichemka yote hutoa mvuke wa lita kama 1,600. Mvuke huo ukibanwa ndani ya chuma hutafuta pa kutokea. Ukipewa njia moja tu, yenye pistoni mbele yake, utaisukuma pistoni, na pistoni italizungusha gurudumu.

"Na taa?" mtoto akauliza. Nilijua swali hilo linatoka wapi.

"Taa pia zilitoka kwenye mvuke. Kidogo kilichotwa pembeni kikazungusha jenereta ndogo. Hakuna taa inayowaka bure, bibie. Kila taa ina mahali inapokula."

Hapo, msomaji, binti yangu aliingia chumbani akatoka na basi lile la mbao. Alikuwa amelibeba ndani ya mkoba wake siku zote hizo bila mimi kujua. Akalipindua, akaling'oa swichi na kasha la betri. Sikusema neno.

Vijitaa tulivyotumia ni vya LED, vinavyouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vipuri vya redio. Yako mambo matatu ya kujua. Kwanza, kijitaa hiki kina miguu miwili: mrefu huenda upande wa chanya wa betri, mfupi upande wa hasi. Ukigeuza, hakiwaki. Pili, kila rangi ina hitaji lake. Chekundu na cha rangi ya chungwa huhitaji takriban volti 2, cheupe takriban volti 3. Tatu, ukikiunganisha moja kwa moja na betri yenye nguvu kuliko hitaji lake, kitakunywa umeme mpaka kiungue. Kwa hiyo hutiliwa rezista, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo.

Hesabu yake ni ya darasani. Betri 3 za redio, za volti 1.5 kila moja, ni volti 4.5. Toa volti 3 za kijitaa cheupe, zinabaki 1.5. Ukitaka mkondo wa miliampea 10, gawanya 1.5 kwa 0.01, upate ohm 150. Kwa chekundu, 4.5 toa 2 ni 2.5, hivyo ni ohm 250. Dukani utapata ya 270, nayo yafaa kabisa. Sisi tulikuwa na vijitaa 5: viwili vyeupe mbele, viwili vyekundu nyuma, na kimoja cha rangi ya chungwa ndani ya jiko la tangi kuwa moto wa babu. Vyote vitano havizidi miliampea 50, kwa hiyo betri nzuri za alkali zenye uwezo wa miliampea 2,000 kwa saa moja zitaviwasha saa 40 hivi.

Usiku wa tano kigari kilikuwa tayari. Ilisadifu stima zikapotea, nyumba nzima ikawa giza. Nyanya akawasha koroboi, babu akaletewa kiti, na majirani wawili wakasogea. Binti yangu akabonyeza swichi.

Taa za nyuma ziliwaka nyekundu. Jiko likawaka. Za mbele, kimya.

Nilimwona uso ukimbadilika, ule ule wa siku ya shule. Mkono wangu ukaenda wenyewe kukichukua kigari. Babu akaushika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua angali nayo. "Mwache," akasema.

Basi nikaketi, msomaji. Hakuna kazi ngumu kwa mzazi kama kuketi.

Mtoto alikipindua kigari mbele ya koroboi. Akakagua miguu ya vijitaa, ilikuwa sawa. Akakitoa kimoja cha mbele, akakiunganisha peke yake na rezista. Kikawaka! Kijitaa kizima, betri nzima. Akatulia. Rezista tulizokuwa nazo zilikuwa nyingi, lakini yeye, kwa kubana nafasi, alikuwa ametia moja tu ya kutumiwa na vijitaa vyote.

"Babu," akasema polepole, "nyekundu zinatosheka na volti 2. Zikishawaka, umeme haupandi tena juu ya hapo. Na nyeupe zinataka 3."

Babu akaitikia kwa kichwa. "Ni kama tangi lenye mifereji miwili. Ule wa chini ukiwa wazi, maji hayatafika wa juu."

Ilimchukua karibu saa nzima kukipa kila kijitaa rezista yake, akisokota nyaya na kuzifunga tepu ya umeme. Majirani hawakuondoka. Aliporudi kubonyeza swichi, taa mbili nyeupe zilipiga ukutani zikaonyesha mstari wa chokaa. Mzee alikiinamia kigari, akatazama ndani ya jiko kwa muda mrefu.

"Limefika," akasema.

Nina maonyo kidogo kwa wazazi. Usimruhusu mtoto kutumia umeme wa ukutani kwa mchezo huu. Betri za redio zinatosha. Usitumie betri za simu zilizokwisha, kwani nyaya zake zikigusana vibaya huweza kushika moto. Rangi ipakwe mahali penye hewa. Na kisu cha kukatia kadibodi kisimamiwe na mkubwa.

Onyo la mwisho ni langu mwenyewe. Shule zilipofunguliwa, binti yangu alikipeleka kigari darasani. Alama zilikuwa zimekwisha kuandikwa, wala hazikubadilishwa. Hakunilalamikia. Aliniambia tu kwamba mwenzake mmoja alimuuliza kwa nini taa inawaka, akamweleza mpaka kengele ikalia, tena hakumaliza. Basi la mbao sasa halina taa, nami nimelihifadhi juu ya kabati langu. Kila nikijiwa na hamu ya kumlipa mtu amfanyie mwanangu kazi yake, nalitazama.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tatizo letu, sisi wazazi wa mjini, ni kuinama kwa niaba ya watoto wetu, kisha tukashangaa wao hawajui kilichomo mvunguni. Leo jioni tafuta mkebe mmoja mtupu, uuweke mezani mbele ya mwanao, kisha ujaribu kuketi.